Kuku wa Zulekha

Kuku wa kwanza kufa alikuwa tembe mwekundu. Fundi Ngwali alimkuta nyuma ya mlango wa banda, amelala ubavu, miguu imenyooka, jicho moja liko wazi. Ilikuwa saa nane mchana na alikuwa ametoka karakana kuja kula chakula alichojipikia mwenyewe alfajiri. Alimwinua kwa miguu akampima mkononi, akamwona mzito kama kuku mzima. Hakuwa na jeraha wala unyoya uliong'oka. Alimfukia kwenye muhogo, akanawa, akala. Kuku mmoja kufa si habari ya kumsimamishia mtu kazi. Lakini Jumatano walikufa wawili, na Ijumaa, alipotoka msikitini, akawakuta watatu.

Ngwali alikuwa seremala wa Kengeja, mtu wa miaka sitini na sita, mrefu, mkavu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya Idi. Vitanda vya maharusi wengi wa Kengeja na Mgogoni vimetoka mkononi mwake. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, mwendo wa robo saa kutoka nyumbani, na kwa miaka thelathini na minane alitoka asubuhi, akarudi saa nane kula, akatoka tena mpaka magharibi. Nyumba ilikuwa ya mkewe. Yeye alikuwa kama mgeni anayelipa kwa mbao na mchele.

Mkewe, Bi Zulekha, alikufa katikati ya mwezi wa Rajabu, siku ya Jumanne, kwenye joto kali la kaskazi. Ngwali aliporudi kula alimkuta amelala juu ya mkeka mlangoni mwa jiko, mkono mmoja chini ya shavu, akadhani amejinyoosha kidogo. Akampita, akanawa mikono, akakaa kusubiri. Baada ya muda akamwita. Alipomwita mara ya tatu ndipo Ngwali alipoinuka kwenda kumtazama.

Watu waliokuja matangani waliuliza, kama watu wanavyouliza, marehemu alikuwa akiumwa nini. Akawajibu wote jawabu moja. "Hakuwa na lolote. Hakuonyesha dalili hata moja. Alilala akaenda." Wanawake wakasema huo ndio mwisho anaouomba kila mja. Yumna, mtoto wao wa pekee, mwalimu wa skuli kule Unguja, alifika kwa boti siku ya pili wakati mama yake ameshazikwa. Yeye aliuliza mara mbili, na mara mbili akajibiwa vilevile.

Siku ya kuondoka, Yumna alisimama uani akawatazama kuku ishirini na watatu waliokuwa wakiparura chini ya mshelisheli.

"Baba, kuku wa mama usiwaache," alisema.

Hakusema zaidi ya hayo, lakini Ngwali aliyachukua maneno yale kama wasia.

Kuku walikuwa wa Zulekha tangu na tangu. Ngwali hakupata kuwahesabu wala kuwatilia maji. Kwake yeye kuku ni kitu kinachojiendea, asubuhi kinatoka, jioni kinarudi, na siku ya mgeni kinachinjwa. Alijua tu kwamba wamo vishingo, wale wasio na manyoya shingoni, kwa sababu Zulekha alikuwa akiwapenda na yeye akiwaona wabaya. Usiku wa pili baada ya Yumna kuondoka, fungo aliingia kwenye kibanda cha makuti walimokuwa wakilala akachukua jogoo. Asubuhi Ngwali aliona damu na manyoya, akajiambia kwamba wasia haujafika hata wiki na tayari umepungua.

Basi akajenga banda. Alijenga kama anavyojua kujenga, na zaidi ya hapo, kwa kuwa mikono ikishika randa moyo ulikuwa ukitulia. Ili kupata nafasi aliuangusha mshelisheli uliokuwa katikati ya ua, mti ambao kila mwaka alisema atauangusha kwa vile unamwaga majani juu ya paa, na kila mwaka Zulekha akisema, "Niachie nti wangu." Safari hii hakukuwa na wa kumzuia. Kuta za banda alizipiga mbao zilizobanana hata fungo asipitishe ukucha, akaacha kidirisha kimoja cha waya. Mlango aliutia bawaba na komeo la chuma. Juu aliezeka bati jipya. Waliopita njiani walisimama kulitazama, na mmoja alisema kwa pumbao kwamba hata yeye angelala humo. Ngwali alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Kwa kuwa mchana nyumbani hapakuwa na mtu, aliwawekea utaratibu. Alfajiri huwafungulia kwa muda wa saa moja, huwapa pumba na machicha ya nazi, kisha huwarudisha ndani na kutia komeo. Akirudi jioni huwafungulia tena. Hakuna fungo, hakuna mwewe, hakuna mwizi. Katika wiki ya tatu ya utaratibu huo ndipo alipokufa yule tembe.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Barazani walisema kideri, ugonjwa unaofagia kuku kijiji kizima. Mzee mmoja alisema ni jicho, kwa sababu banda lile lilisifiwa mno na hakuna aliyetaja jina la Mungu. Ngwali alifuata yote mawili. Alisomesha dua. Alisaga pilipili na shubiri akavitia katika maji ya kuku, maji yakawa machungu na rangi ya chai. Halafu akatafuta ugonjwa umetoka wapi, na macho yake yakaangukia kwa jirani.

Bi Mwanabaraka alikaa upande wa pili wa ua wa makuti. Alikuwa makamo ya Zulekha na shoga yake wa maisha. Kuku wake walizurura kutwa, wachafu, hawana banda la maana, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Jambo hilo lilimkera Ngwali kuliko vile vifo vyenyewe. Jumamosi asubuhi alisimama uani akasema juu ya makuti, bila ya salamu:

"Bi Mwanabaraka, wafunge kuku wako. Waniletea maradhi."

"Wangu wazima, Fundi," sauti ikajibu. "Nilikuwa nataka kukwambia kitu kuhusu hao wako..."

"Wafunge tu," alisema Ngwali, akaondoka. Kabla ya kwenda kazini alichukua ubao akakiziba kile kidirisha cha waya, maradhi yasipite.

Katika siku nne zilizofuata wakafa wanne wengine.

Jioni ya siku hiyo ya nne alimpigia simu Yumna, akamweleza kwa aibu kama mtoto aliyevunja chungu. Yumna akamwambia kwamba yuko binti aliyesoma naye, Laila, ambaye sasa ni daktari wa mifugo na zamu yake ni upande huo wa kusini. Atamwomba apite. "Na huyo aliyekufa leo usimzike, baba. Muweke kivulini mpaka afike."

Laila alikuja kesho yake kwa pikipiki, jua limeshapinda na upepo wa jioni umeanza. Usiku uliopita Ngwali alikuwa amemfunga yule kuku kwenye jani la mgomba na kumtia katika ndoo, akaining'iniza kisimani juu ya maji asioze. Binti alimwamkia, akampa pole ya msiba, akavaa mipira ya mikono na kuchutama. Alimpasua kuku taratibu juu ya lile jani, naye Ngwali, ambaye hakuwa mwoga wa damu, aliona ajabu ya kumwona mtu akifungua kiwiliwili kidogo namna ile kwa adabu.

"Kideri huacha alama kwenye matumbo," alisema Laila. "Hapa sizioni. Ini lake zima. Alikuwa na mafuta, alikuwa akila vizuri." Alibonyeza nyama ya kifua kwa kidole. "Lakini itazame nyama hii, baba. Imekuwa nyeupe, kama iliyopitishwa maji ya moto."

"Ndiyo nini?"

"Nna ninachoshuku, lakini sitaki kubahatisha. Huyu ameshalala kutwa na mimi nimekuja saa ya baridi. Wanakufa wakati gani?"

"Nikirudi saa nane nawakuta."

"Na kabla ya kufa huwa wanafanya nini?"

"Hawafanyi kitu," alisema Ngwali. "Hawaonyeshi dalili hata moja."

"Nani huwa nao saa sita?"

"Hapana mtu. Mie niko kazini."

Laila aliinua uso akamtazama. Sauti yake haikuwa na ukali. "Basi baba, hujui kama hawaonyeshi. Unalolijua ni kwamba wewe hukuziona."

Akamwambia la kufanya. Yale maji machungu ayamwage, awape maji safi. Kesho asiende kazini. Aweke kiti mbele ya banda, akizibue kidirisha, akae tangu asubuhi mpaka alasiri na atazame tu. Akiona kuku amezidiwa, amtoe, amtie maji, ampeleke penye kivuli. Kisha ampigie simu amweleze alichokiona, si anachokidhani.

Ukiacha siku za msiba, Ngwali hakupata kukaa bure nyumbani mchana wa siku ya kazi tangu alipooa. Siku hiyo alikaa. Aliweka kigoda usawa wa kidirisha, akasema bismillahi, akatazama.

Saa tatu kuku walikuwa kuku. Waliparura, waligombana, mmoja aliimba wimbo wa kutaga. Walikuwa kumi na wawili. Kufikia saa nne jua lilikuwa limeingia uani kote, kwa kuwa hapakuwa na mti wa kulizuia, na kuku wakauacha upande wa ukuta wa mashariki wakasongamana upande wa pili. Kisha upande wa pili nao ukapata moto. Kuku mmoja alifungua mdomo. Ngwali alidhani anataka kulia, lakini hakulia, alibaki vilevile mdomo wazi, koo likitetema. Halafu wa pili. Halafu karibu wote. Walikunjua mbawa na kuziweka mbali na mwili, kama mtu anayeinua mikono shati lisimguse. Akasikia sauti asiyoijua, ya upesi, nyepesi, kama msasa unaopita juu ya ubao, na ilimchukua muda kufahamu kwamba ni pumzi zao.

Aliinuka akaweka kiganja juu ya bati, akakiondoa palepale.

Akachungulia tena. Maji aliyowawekea asubuhi yalikuwa kwenye beseni jeusi la plastiki. Alichovya kidole, yalikuwa na moto wa kuogeshea mzazi. Kuku mmoja mweupe alikuwa amekaa chini, kichwa kimerudi nyuma, macho yanafumba na kufumbuka. Hakuwa akitapatapa. Alikuwa amekaa tu kwa utulivu, mdomo wazi, kama anayesubiri kitu.

Hapo Ngwali akamwona Zulekha.

Alimwona vile alivyokuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani siku moja kabla ya kifo chake, na siku ya kabla yake, na ya kabla ya hiyo. Kanga imeteremka mabegani, kipepeo cha ukili mkononi hakipepei, mdomo wazi kidogo, na koo likienda mbio. Miguu yake ilikuwa imevimba, kidole kikibonyea kwenye ngozi na shimo likibaki. Alikuwa ameacha kutwanga katikati ya kinu. Alikuwa akilala ameegemea ukuta, kwa sababu akilala chali pumzi zinamkata. "Joto la mwaka huu lanichukua pumzi," alisema, na Ngwali, anakula, hakuinua uso. "Joto hili la kila ntu," alimjibu. Alirudi kazini. Siku nyingine Zulekha alisema, "Kifua chanibana, Ngwali." Akamwambia anywe maji ya ndimu. Hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa na kitanda cha watu cha kumaliza.

Hakujua amekaa muda gani hivyo. Kilichomzindua ni yule kuku mweupe kuanguka ubavu. Alitoa komeo akafungua mlango, na joto likampiga usoni kama la tanuri. Kuku walitoka wakipepesuka. Hawakukimbilia kivuli cha nyumba wala cha ua wa makuti. Walikwenda moja kwa moja mpaka pale ulipokuwa mshelisheli, wakasimama kukizunguka kisiki, juani.

"Fundi." Ilikuwa sauti ya Bi Mwanabaraka, nyuma ya makuti. "Watie maji. Miguuni na chini ya mbawa, usiwamwagie kichwani tu. Niruhusu nipite."

"Pita," alisema Ngwali. "Ndoo, Bi Mwanabaraka, pita."

Aliingia na ndoo ya maji ya kisima, akafunga kanga kiunoni. Hawakuzungumza. Walimchukua kuku mmoja mmoja wakamchovya miguu na kifua, wakamwingiza chumbani, kwenye sakafu ya saruji iliyokuwa na baridi, chini ya kitanda. Yule mweupe alifia mikononi mwa Ngwali. Wawili wengine walikufa chini ya kitanda kabla ya adhana ya adhuhuri. Tisa walibaki, wamelala, vidomo vikifunga polepole.

Bi Mwanabaraka alikaa kwenye kizingiti kujifuta uso.

"Zulekha kila siku saa tano alikuwa akirushia maji mchanga chini ya mshelisheli," alisema. "Kuku wakijilaza pale kwenye tope. Maji ya kunywa akiyatia katika kigae cha mtungi, akibadilisha mara tatu mpaka alasiri. Siku za moto mno akiwapa maganda ya tikiti. Alikuwa akitaabika nao kama wana."

"Sikupata kumwona."

"Ungemwonea wapi, na weye huko kazini?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukwambia. Ukanambia nifunge kuku wangu." Alisema bila ya kisirani. "Na kabla ya hapo, mie ni mwanamke, na nyumba hii haina mwanamke tena. Nitaingia niseme nini?"

Ngwali aliitazama mikono yake, imelowa na imeshikwa na manyoya meupe. "Alikuwa akihema hivi," alisema. "Kama hawa."

Bi Mwanabaraka hakuuliza nani. Aliikamua ncha ya kanga yake.

"Nilimwona," alisema mwishowe. "Nilimwambia nenda spitali ukapimwe, hilo si joto. Akasema atakwambia weye umpeleke."

"Aliniambia."

Bi Mwanabaraka aliinuka, akachukua ndoo yake. Alimwambia tu kwamba kwake, mpakani, upo mfenesi mkubwa, na kuku wakipona awalete chini yake.

Alasiri alimpigia Laila akamweleza alichokiona, tangu saa tatu mpaka mwisho, kwa utaratibu. Laila alimsikiliza mpaka akamaliza. Akamwambia kwamba kuku hatoki jasho. Joto likimzidi hana njia ila kuhema, na akihema sana bila ya upepo, bila ya maji baridi, hupikika ndani kwa ndani. Bati juu, mbao zisizopitisha hewa pande zote, maji machungu wasiyotaka kuyanywa, na mti umekwenda. "Si maradhi, baba. Ni joto. Huchukua saa mbili tatu, na dalili zote huwa ziko nje."

"Nimeziona," alisema Ngwali.

Alikata simu, akakaa, kisha akampigia Yumna kabla moyo haujarudi nyuma. Alisikia kelele za watoto wa skuli wakitawanyika.

"Daktari amekwambiaje?" aliuliza Yumna.

"Ni joto. Ni lile banda nililolijenga." Akavuta pumzi. "Yumna, nilikwambia mama yako hakuonyesha dalili."

Kelele za watoto zilikuwa mbali sasa. Pengine alikuwa amesogea pembeni.

"Alizionyesha," alisema Ngwali. "Akihema. Miguu ilimvimba. Aliniambia kifua kinambana."

"Siku ngapi?"

"Kumi. Kumi na mbili."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilikwenda kazini."

Simu ilikatika, na si kwa mtandao.

Kulibomoa banda kulimchukua muda mrefu kuliko kulijenga, kwa sababu alikuwa ameunga vizuri. Alilisimamisha upya chini ya mfenesi wa mpakani, nguzo nne, waya pande zote, makuti juu. Kuku mmoja zaidi alikufa, wanane wakabaki, na watano katika hao walikuwa vishingo, wale aliokuwa akiwaona wabaya. Laila, alipopita kuwatazama, alisema hao huvumilia kwa vile shingo tupu humwaga joto. Kila siku saa tano Ngwali aliacha msumeno, akafunga karakana, akarudi nyumbani kumwagia mchanga maji. Wateja walinung'unika. Aliwaacha wanung'unike.

Barazani mtu mmoja aliwahi kusema tena, kwa nia njema, kwamba marehemu alikwenda bila ya kuteseka. Ngwali alimwambia, "Aliteseka siku kumi na mbili. Mie ndiye sikutazama." Watu waliviinamia vikombe vyao vya kahawa. Hakuna aliyerudia maneno hayo mbele yake.

Ramadhani iliingia, na Yumna hakupiga. Ngwali alimpigia mara mbili, simu ikaita mpaka ikachoka. Alifuturu peke yake, na siku nyingine kwa bakuli la muhogo wa nazi lililotoka upande wa pili wa ua. Mvua za masika zilishuka mwezi wa toba haujaisha, joto likavunjika, kuku wakaanza kutaga. Mayai yalijaa kapu na hapakuwa na wa kumpikia.

Yumna alikuja siku ya nne ya Idi, bila ya kutoa habari, kwa gari ya abiria kutoka Mkoani. Aliweka mkoba wake barazani, akamwamkia baba yake kwa mkono, akaenda kwanza makaburini peke yake. Aliporudi alimkuta Ngwali ametandika mkeka. Alikaa mbali naye kidogo.

"Nisimulie tena," alisema. "Tangu siku ya kwanza aliposema. Usiruke kitu."

Akamsimulia. Hakuruka kitu. Alitaja kile kinu kilichoachwa katikati, na maji ya ndimu, na kitanda cha watu. Alitaja pia vile alivyompita siku ya mwisho kwenye mkeka, akanawa mikono na kukaa kusubiri chakula, kwa kuwa hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Yumna alilia bila ya sauti, akijifuta kwa ncha ya mtandio, na hakumkatisha.

Alipomaliza, Yumna alisema, "Sijui kama nimekusamehe, baba. Nataka usinihimize."

"Sikuhimizi."

Alikaa siku tatu. Alipika, wakala sinia moja, wakazungumza habari za skuli na bei ya mchele. Siku ya kuondoka, aliamka mapema, akamwambia baba yake avae waende kituo cha afya, kisha yeye atapandia gari hukohuko. Ngwali alisema haumwi na kitu. Yumna alimtazama tu, naye akaenda kuvaa.

Hapakuwa na watu wengi. Muuguzi, mwanamke mnene wa sauti ya chini, alimkalisha Ngwali, akamfunga mkono kitambaa cha kupimia presha, akapampu, akasikiliza, akafungua. Akaandika tarakimu mbili kwenye daftari. Imepanda kidogo, alisema, apunguze chumvi na arudi baada ya wiki mbili.

"Ndiyo basi?" aliuliza Yumna.

"Ndiyo basi, mwanangu."

"Kumpima mtu ni hivi tu? Muda huu?"

"Dakika tano," alisema muuguzi. "Zikizidi."

Yumna alitoka nje. Ngwali alipomfuata alimkuta amekaa kwenye benchi la saruji, mkoba magotini, uso ameugeuzia barabarani. Alikaa kando yake. Ukuta wa kituo ulikuwa na kivuli chembamba, nao walikaa humo bega kwa bega, wakingoja gari, mpaka ikatokea kwenye kona ya Chokocho na Yumna akainuka kuipungia mkono.